Kiwayu siku saba, nilienda kuangalia plastiki inavyozeeka baharini

Siku ya kwanza, Mombasa mpaka Lamu

Nianze na swali maana ndilo lililonitoa nyumbani. Mimi nafundisha kemia sekondari hapa Mombasa, na mwezi wa kumi nilikuwa na kidato cha tatu tunasoma habari za polima, vitu vya minyororo mirefu kama plastiki, nikawaambia kama tunavyoambiwa wote, kwamba chupa ya plastiki ikitupwa baharini inachukua miaka 450 kuoza. Mtoto mmoja wa kike amekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono, mwalimu, plastiki imeanza kutengenezwa lini? Nikamwambia kwa wingi hivi ni tangu miaka ya 1950. Akasema, sasa hio miaka 450 nani alingoja akaona?

Darasa likanyamaza na mimi nikanyamaza. Alikuwa na haki. Nilirudi nyumbani nikasoma usiku kucha na nikakuta ile namba ni makadirio tu, watu wanapima kipande kwenye maabara au wanakiacha baharini miaka michache alafu wanapiga hesabu kwenda mbele, hakuna aliyekaa akaona mwisho. Nikajiambia likizo ya Disemba siendi popote ila kisiwani Kiwayu, huko mbele ya Lamu, nikaone kwa macho yangu plastiki ikikaa baharini inakuwaje, nije nimjibu yule mtoto vizuri.

Basi tumetoka Mombasa alfajiri, Malindi, Garsen, vizuizi vya polisi njiani si vichache, mpaka Mokowe mchana mkali, alafu boti mpaka Lamu. Ami alikuwa ananingoja gatini. Ami yangu ni nahodha, anapeleka mizigo visiwa vya Pate na Kiwayu miaka na miaka, na nilipompigia simu kumwambia nataka kwenda kuangalia takataka hakushangaa hata kidogo, akasema twende, mimi naziona kila siku na hakuna aliyeniuliza.

Jioni tumetembea ukingoni mwa maji. Lamu hapa ndipo lilipoundwa lile jahazi la plastiki tupu, Flipflopi, fundi mkuu akiwa Ali Skanda, likashushwa majini Septemba 2018 na mwanzo wa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kama kilomita 500. Tani kumi hivi za taka zilizookotwa pwani ziliyeyushwa zikawa mbao, na ubavuni likavishwa vipande vya kandambili, karibu 30,000. Nakumbuka kuona picha zake nikafurahia rangi tu. Leo nawaza kitu kingine, kwamba zile kandambili zilipookotwa bado zilikuwa kandambili. Mtu aliweza kuinama akazishika kwa mkono. Nililala nalo wazo hilo.

Siku ya pili, Lamu mpaka Kiwayu

Tumeondoka maji yakijaa maana kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa utakwama topeni mpaka yarudi. Upepo wa kaskazi umeshaanza na sisi tunaelekea huko huko unakotoka kwa hio tanga limebaki limefungwa, tumekwenda kwa mashine, polepole, mawimbi yanapiga omo, mbele ya chombo, na kila mtu amelowa.

Mkanda ni mikoko kushoto na mikoko kulia. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku Lamu. Na ile mizizi yake inafanya kazi ya chekeche, maji yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku na kila yanapopita yanaacha kitu, magunia ya nailoni, vipande vya nyavu, chupa, soli za viatu. Nyingine zimeshakumbatiwa na mizizi mpaka ukivuta hazitoki. Ami alipunguza mwendo bila mimi kumwambia ili nipate kuangalia.

Tulipopita Pate na kutokea palipo wazi tukaona dumu linaelea, la manjano, la lita 20, baharia akalivuta kwa upondo. Nilidhani ni uchafu tu wa kuutoa majini, lakini lilipogeuka upande wa chini, subhanallah, lilikuwa limejaa viumbe hai. Wale wenye shingo laini nyeusi na kichwa cha gamba jeupe, wamening'inia kwa mamia wanafungua na kufunga, na kaa wadogo wanakimbia katikati yao, na utando wa kijani unateleza kama ute. Na chini yake kulikuwa na samaki wadogo wamejificha kivulini, tulipolinyanyua wakatawanyika. Wavuvi wanajua kitu kinachoelea hukusanya samaki. Upande wa juu lakini, ule unaotazama jua, rangi ilikuwa imepauka na nilipopitisha kidole ukatoka unga mweupe kama wa chaki.

Huu unga ndio nataka mtu aelewe. Plastiki ni minyororo mirefu sana ya kaboni, na miale mikali ya jua, ile ile inayobabua ngozi, ina nguvu ya kukata kiungo cha mnyororo. Kikishakatika oksijeni inaingia pale na kuendelea kula viungo vya jirani, na mnyororo uliokuwa mrefu unakuwa mfupi mfupi, kwa hio plastiki inapoteza ule unyumbufu wake na kuwa kavu. Inaanzia juu ya ngozi tu, ndani bado nzima. Ule unga ni ngozi iliyokufa. Upande wa chini, pale penye viumbe na utando, jua halifiki, na pale dumu lilikuwa bado ni jipya chini ya wale wadudu. Dumu moja, upande mmoja mzee na upande mmoja kijana.

Ami akasema mengine huzama wadudu wakizidi uzito. Ni kweli, na watafiti wanasema kule chini gizani ule mwani na viumbe wakifa au wakiliwa kitu kinapata wepesi na huweza kupanda tena juu, alafu kinaota tena, kinashuka tena. Nilimweleza Ami hivo akatikisa kichwa, akasema "Mai (maji) hayaozeshi kitu hiki, mwanangu, hukisaga tu."

Tumefika Kiwayu magharibi inaadhinishwa.

Siku ya tatu, upande wa nje

Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba, upande wa ndani kuna mkondo uliotulia na kijiji, upande wa nje ni bahari wazi, Bahari Hindi yote mbele yako mpaka Indonesia. Eneo hili lote liko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga tangu 1979. Unapanda kichuguu cha mchanga, unashuka, na pale nimesimama nimeshindwa kusema kitu.

Ufuo ni mzuri mno. Na kwenye ule mstari wa mwani mkavu ambapo maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yanafika, plastiki, toka unaposimama mpaka macho yanapochoka. Wenyeji wanasafisha, tena tangu mwisho wa miaka ya 90 akina mama wa huku wanaokota kandambili na kuzichonga wanyama na mapambo, ndio kazi iliyoanzia hapa hapa na leo inajulikana dunia nzima. Wanasafisha alafu kusi ikivuma inaleta tena.

Bi Mkubwa mmoja aliyetukaribisha kwake alikuja na mimi, na kikapu, akawa ananionyesha kama mtu anayekuonyesha shamba lake. Hii ni ya juzi, hii ni ya zamani, hii ni ya kale. Nikamuuliza Bi Mkubwa unajuaje? Akachukua kandambili mbili za buluu akaniwekea mkononi, moja imeinama ukiikunja na kurudi, nyingine nilipoikunja ikakatika kwa sauti ndogo kama biskuti na ndani ya ule mkato nikaona buluu kali ya dukani iko pale pale, katikati, haijaguswa. Akasema basi ndivyo.

Chupa nyingi zilizokuja kutoka mbali zimefungwa vifuniko, na hii nilikuwa sijawahi kuifikiria hata siku moja. Nyingine zimeandikwa lugha ya Indonesia, bado unasoma. Plastiki ya chupa ya maji ni nzito kuliko maji ya bahari, inazama, kilichoielesha ni hewa iliyofungiwa ndani. Chupa isiyo na kifuniko huingia maji ikashuka chini huko huko karibu na ilipotupwa. Iliyofungwa ndiyo inayobebwa na ule mkondo mkubwa unaotoka mashariki kwenda magharibi chini ya ikweta mpaka unakuja kugonga huku kwetu. Na vifuniko vyenyewe ni plastiki ya aina nyingine nyepesi, vinaelea peke yao, ndio maana ufuoni unaokota vifuniko vingi kuliko chupa na mtu anadhani watu wanatupa vifuniko.

Seychelles kwenye kisiwa cha Aldabra, ambacho hakina wenyeji ila walinzi na watafiti, mwaka 2019 walitoa tani 25 za taka na wakakadiria zimebaki kama tani 500, kandambili zikiwa maelfu kwa maelfu. Kisiwa kisicho na duka hata moja.

Siku ya nne, chekeche na chumvi

Hii ndio siku niliyoijia. Nilikuja na chekeche mbili, ndoo tatu, kibano, lenzi na kilo kadhaa za chumvi ya duka, na watoto wa kijiji walipoona hivo wakanifuata wote, Mwalimu unapika nini.

Kwanza tulitafuta kitu cha kuvunja. Kulikuwa na kreti la samaki la plastiki limekaa juu kabisa ya ufuo, mahali ambapo maji hayafiki ila bamvua kubwa, kwa hio limepigwa na jua siku zote. Kwa mbali unaona ni kreti. Nimekaa nikalitazama na lenzi, uso wake wote umepasuka vipasuko vidogo vidogo kama tope la ziwa lililokauka, kila kigae kimejikunja kidogo pembezoni. Nikamwambia mtoto mmoja bonyeza kwa kidole gumba. Akabonyeza, na kile kipande kikaanguka kikawa vipande, siwezi kusema vingapi, vingine vilipeperuka na upepo kabla sijaweka mkono. Yule mtoto alishtuka akasema sikufanya kwa nguvu Mwalimu. Nikamwambia najua mwanangu, lilikuwa limeshakwisha.

Ufuoni plastiki inazeeka haraka kuliko majini, hili watu wengi hawalijui. Mchanga unachoma, oksijeni ipo tele, jua halina kizuizi. Majini kuna baridi na utando na kivuli. Kwa hio kinachotokea ni kwamba jua linaikausha juu ya mchanga alafu wimbi na mchanga vinaisaga, kama mahindi yanavyoanikwa kwanza ndio yaende kinuni. Korea kuna watafiti waliwahi kuchukua chembe za ile plastiki ya vifuniko na vyombo, polipropilini, wakazipiga mwanga kama wa ile miale mikali ya jua miezi 12 alafu wakazizungusha na mchanga miezi miwili, na kila chembe moja ikatoa maelfu ya vipande, wakati zile ambazo hazikupigwa mwanga zilitoa vichache mno. Mchanga peke yake hauwezi. Jua linatangulia.

Alafu tukachota mchanga. Nimetia chumvi kwenye ndoo mpaka ikagoma kuyeyuka, maji yakawa mazito, tukachekecha mchanga wa pale pale kwenye mstari wa mwani tukautia ndani, tukakoroga na kijiti, tukaacha. Mchanga ukazama. Watoto wameinama vichwa vimegongana. Na polepole vipande vya plastiki vikaanza kupanda, kimoja cha buluu, kijani, vyeupe vingi, kimoja chekundu kama punje ya ufuta, nyuzi nyembamba za nailoni za kamba za mashua zimejikunja kama nywele. Juu ya ndoo pakawa na tabaka la rangi. Mchanga ule ule uliokuwa mweupe safi tumeukalia.

Vipande vya chini ya milimita 5 wataalamu wanaviita maikroplastiki, na neno hilo lilishika sana baada ya Richard Thompson na wenzake kuandika 2004 kwamba wamevikuta kwenye mchanga na matope ya fukwe za Uingereza. Tulivyoviona sisi kwenye ndoo ni vile vikubwa katika hivo vidogo. Vipo ambavyo kwa lenzi yangu huvioni na kwa chekeche yoyote vinapita.

Mmoja wa wale watoto aliniuliza sasa tutavirudisha wapi. Nilikuwa na chupa ya kioo nikamwambia tutie humu. Tulivitoa kwa kibano kimoja kimoja mpaka jua likazama na hatukuvimaliza, na hio ni ndoo moja ya mchanga wa ufuo mmoja. Nilichoka vibaya sana na nilihisi uzito kifuani. Dumu zima tulilitoa baharini juzi kwa mkono mmoja na upondo.

Siku ya tano

Upepo mkali, hakuna mashua iliyotoka. Nimekaa barazani na Ami, kahawa chungu na tende, anashona tanga na mimi naandika. Nilimsomea hesabu moja inayonisumbua, kwamba mwaka 2010 peke yake inakadiriwa tani kati ya milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi kavu, na kundi lingine 2014 walipopiga hesabu ya plastiki yote inayoelea juu ya bahari zote za dunia walipata kama tani 269,000. Ami akaacha sindano. Akasema basi nyingine iko chini. Nikamwambia na nyingine ni fukweni, imefukiwa, na nyingine imeshakuwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Akasema "Kesho mvuvi akikubali ushuke naye."

Siku ya sita, chini ya maji

Kijana mmoja mvuvi wa kamba koche alikubali. Yeye anazama na miwani tu na pumzi yake, mimi nilibaki juu nimeshika boya naangalia kwa miwani, upande wa mkondo wa ndani ambapo chini kuna majani ya bahari na tope. Nilimwambia ukiona plastiki yoyote iliyofukiwa kidogo niletee. Alipanda mara ya kwanza na chupa ya maji imejaa tope. Tulipoiosha, wallahi, iling'aa. Haikupauka, haikuwa na ufa hata mmoja, nikaibonyeza ikarudi kama imetoka dukani.

Mara ya pili akapanda na mfuko. Mfuko mwembamba wa dukani wenye mikono miwili, ile ambayo Kenya ilipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na umeandikwa jina la duka la Mombasa ambalo nalijua na limeshafungwa. Yaani mfuko huu umekaa topeni miaka mingi. Ulikuwa laini. Ukiuvuta unavutika. Ningeweza kuukausha nikabebea mandazi.

Na jana yake asubuhi kwenye mchanga wa nje nilikuwa nimeshika mfuko wa aina ile ile ukanipukutikia mkononi kama jani la mwembe lililokauka, sikuweza hata kuukunja.

Nimekaa kwenye mashua na mifuko hii miwili kichwani na jibu la yule mtoto likaanza kujipanga. Plastiki haina umri mmoja. Ukiuliza inachukua miaka mingapi lazima uulize imelala wapi. Juani ni miaka michache tu na imekuwa unga, lakini unga ni plastiki ile ile, haijageuka mchanga wala mbolea, imegawanyika tu na kuingia pasipoingilika. Gizani kwenye tope hakuna jua na oksijeni ni kidogo, imehifadhika kama kitu kilichowekwa kabatini. Kuna picha ya mfuko wa plastiki iliyopigwa chini kabisa ya shimo la Mariana huko Pasifiki, lenye kina kuliko pote baharini, mwaka 1998, mita 10,898 kwenda chini, baridi na giza totoro, na mimi baada ya leo naamini mfuko ule uko vile vile mpaka sasa. Na kuoza kwenyewe, ile kuliwa na vijidudu mpaka ibaki hewa na maji, kupo lakini kunakwenda taratibu mno na huko topeni ndio karibu hakuna.

Yule kijana aliniuliza Mwalimu nirudishe chini? Nilimwambia hapana, tafadhali, nipe.

Siku ya saba, kurudi

Kaskazi leo iko nyuma yetu, Ami amepandisha tanga na mashine imezimwa, kimya, maji tu yanapita ubavuni. Bi Mkubwa alitufungia mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, amevifunga kwa kitambaa. Nina gunia miguuni, dumu la manjano lililokauka na harufu kali ya wale viumbe waliokufa, kandambili iliyokatika, chupa yenye maandishi ya Indonesia, mfuko wa topeni, na ile chupa ya kioo.

Ami aliniuliza utazifanyia nini. Nimemweleza, shule ikifunguliwa nitachukua mbao tatu na yule mtoto aliyeuliza ndiye atakayepigilia. Kwenye kila ubao kifuniko, kipande cha chupa, kipande cha dumu jipya, kamba ya nailoni. Mmoja tutauweka juu ya paa la maabara juani. Mmoja tutautia kwenye beseni la maji ya bahari hapo hapo paani, tutakuwa tunabadilisha maji. Wa tatu ndani ya ndoo ya tope na kifuniko, stoo, gizani. Kila mwisho wa muhula darasa linakunja kipande na kuandika, na kidato cha tatu wakimaliza wanawaachia wanaofuata.

Akauliza mpaka lini. Nikamwambia sijaandika mwisho, nitaandika tarehe ya kuanza peke yake. Akafikiri kidogo, akaelekeza kidole kwenye kamba ya tanga iliyopauka pale inapopita jua na bado ya buluu pale ilipozungushiwa foromali, ile boriti ya tanga, akasema kata kipande cha hii pia uwachukulie, hii najua siku niliyoinunua.

Nimekikata. Kiko mfukoni na tarehe yake imeandikwa kwenye karatasi.